Mkurugenzi na Mlingoti wa Usagara

Nathaniel Kashindye amefanya kazi Redio Ghuba miaka ishirini na sita, na sijamwona hata siku moja akishika bisibisi. Alianza kama karani wa mapokezi pale Kirumba. Akapanda cheo kwa ufundi mmoja tu: kila mkubwa alipopigwa picha, yeye alikuwa ameshajisogeza pembeni yake. Mwisho wakamfanya mkurugenzi, nadhani kwa sababu sura yake walikuwa wameizoea.

Redio yenyewe ni ndogo, ya AM. Studio iko Kirumba, mjini; mlingoti uko Usagara katikati ya majaruba ya mpunga. Sauti yetu ina mikwaruzo, lakini inafika visiwani na vijiji vya ndani kabisa vya Magu. Huko watu wanatufungulia hasa kwa ajili ya matangazo ya vifo, ambayo kwa miaka mingi yalisomwa na mama Prudencia. Mitambo inatunzwa na fundi Mhoja. Mimi, Modesta, natunza kanda za vipindi.

Mwaka jana redio ilitimiza miaka thelathini, Kashindye akaandika kijitabu cha historia ya redio. Kurasa arobaini, picha zake kumi na tisa. Jina la Mhoja limetokea mara moja, tena limekosewa. La Prudencia halimo kabisa. Ukurasa alioupenda mwenyewe unahusu dhoruba ya mwaka 2003, radi ilipopiga mlingoti. Siku ya sherehe, chini ya hema pale Usagara, aliusoma amesimama wima kama anayesoma Injili:

"Matangazo yakiwa hewani, nilipanda mlingoti kwa mikono yangu hii, nikaunganisha waya uliokatika. Redio haikunyamaza hata dakika moja."

Akafuta machozi. Wageni wakapiga makofi. Ndipo Prudencia, ambaye sasa amestaafu, akainua mkono.

"Mkurugenzi, ulivaa nini mikononi?"

"Sikuvaa kitu, mama. Ilikuwa dharura."

Prudencia akamgeukia fundi. "Mzee Mhoja, mtu akiugusa mlingoti wetu tukiwa hewani, inakuwaje?"

Mhoja alisimama polepole. Hapendi kusema mbele za watu. "Mlingoti wa AM ndio antena yenyewe, mama. Nguvu yote ya matangazo inapita mle. Mtu akisimama chini akaushika, anaungua." Akamtazama Kashindye, akafikiri kidogo. "Huyu tungekuwa tumeshamzika."

Sisi tuliokuwepo mwaka ule tunajua ilivyokuwa. Radi ilipopiga, Kashindye, wakati huo bado karani, alikuwa Usagara ameleta barua. Alikimbilia chooni, akajifungia, akalia akimwita mama yake hadi mvua ilipokatika. Mhoja alizima mtambo, akaingia kwenye maji yaliyomfika magotini, akafungua sanduku lililo chini ya mlingoti na kubadilisha vifaa vilivyoungua. Kimoja kilikuwa bado cha moto. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki mpaka leo. Redio ilinyamaza kutwa nzima.

Prudencia alibaki studio na karatasi zake. Moja ilimhusu mama mmoja wa Magu ambaye mwanawe alikuwa amefariki mjini, na maziko yalikuwa kesho yake asubuhi. Prudencia hakungoja mitambo iwake. Alipanda gari la Magu, akaulizia nyumba hadi akaipata, akamsomea yule mama tangazo mlangoni, taratibu, kama anavyosoma siku zote. Mama aliitambua sauti kabla hajajua huyo ni nani. Walilia pamoja, wakaja mjini pamoja.

Hayo hayamo kitabuni. Na pale hemani, mtu mwenye haya angeomba radhi. Kashindye alikohoa, akasema, "Mambo ya kiufundi tuwaachie mafundi," akawakaribisha wageni kwenye pilau. Alikula sahani mbili.

Wiki mbili baadaye kijitabu kilichapwa upya. Sasa kinasema: "Baada ya mimi kuagiza mitambo izimwe, nilipanda mlingoti." Nilipomwonyesha Prudencia, hakukasirika. Alikifunga tu, akaniuliza kama Mhoja atakuwa na nafasi Alhamisi.

Alhamisi tukamketisha Mhoja studio. Mwanzoni alijibu kwa neno mojamoja, lakini Prudencia alimuuliza kwa upole kuhusu kifaa kimoja baada ya kingine, na mzee akafunguka. Alisimulia mwaka hadi mwaka, pamoja na dhoruba ile na safari ya Magu. Saa moja na nusu.

Tuliirusha kanda hiyo Jumamosi mchana, bila kukata kitu. Tulijiandaa kufukuzwa kazi. Hakuna aliyetufukuza, kwani Kashindye hakuisikia: nyumbani kwake husikiliza FM. Lakini simu zilipigwa kutoka visiwani hadi jioni, watu wakitaka kujua vidole vya Mhoja vinaendeleaje.