Kifuu Ndani ya Dohani ya Bibi

Juzi nilipita mtaani kwetu Tibirinzi nikasimama pale lilipokuwa tanuri la bibi yangu. Siku hizi ni duka la simu. Ukuta wa nyuma umepakwa rangi mara kwa mara, lakini baka la masizi bado linatokeza. Nililigusa kwa kidole, kijana wa dukani akanitazama kama nina wazimu.

Mimi si mjuzi wa kuandika, ndugu yangu, na huenda mengine nimeyachanganya. Bibi alioka boflo, mikate ya ngano, akiwauzia majirani. Dohani ya tanuri ilikuwa ya mawe na udongo, imepigwa chokaa. Masika moja kuni zilirowa, tukachoma makumbi mabichi ya nazi. Kosa letu sote, si lake peke yake. Masizi yake yaliganda ndani ya dohani kama lami, moshi ukawa unarudi chini na mikate ikanuka. Na Ramadhani ilikuwa inaingia kesho kutwa. Bibi akiwapoteza wateja mwezi ule, mwaka mzima umemharibikia.

Alianza na fagio la chelewa za mnazi, kalifunga kwenye mwanzi. Likateleza tu, kama linayapaka mafuta yale masizi. Jirani yetu, fundi mwashi, akapanda juu ya paa na mtaimbo.

"Bi Mkubwa, haya yanataka chuma."

"Chuma kakipige kwako!"

Akapiga. Masizi yalibanduka kweli, lazima niseme, lakini na jiwe nalo likaporomoka, likatua tanurini pu!

"Umeniua! Ntu kavunja tanuri la ntu, na mwezi uko mlangoni!"

"Jiwe hili lilishalegea tangu babu yu hai."

"Na weye legea vivyo hivyo, ushuke kwenye paa langu!"

Tulicheka sote, hata yeye.

Ndipo kikaja kifuu cha nazi. Bibi alidai mpaka anakufa kwamba ni wazo lake. Fundi naye akiapa ni lake. Nilikuwepo, nimeshika gunia mdomoni mwa tanuri, na wallahi sijui nani alitangulia kusema. Kifuu kilichovunjwa, ukingo mkali, wakakifunga kwenye mwanzi kwa kamba ya usumba, zile nyuzi za makumbi. Kinayashinda masizi, lakini chokaa hakiiumizi. Krrr, krrr, yakadondoka mapande kwa mapande, nikabaki macho na meno. Tundu la lile jiwe fundi aliliziba mwenyewe, hakuambiwa.

Kesho yake mkewe alituletea kuni kavu. Moshi ulipanda moja kwa moja. Bibi akaumega mkate wa kwanza, akampa fundi.

"Unanuka nini?"

"Unanuka mkate, Bi Mkubwa."

Bibi akageuka upesi, akajifanya anapanga kuni.

Boflo za sasa zinakuja na gari, zimefungwa kwenye mifuko. Nzuri tu, siwezi kuzisingizia, na kila asubuhi nanunua. Ila hakuna tena ntu anayepanda juu ya paa akatukanwa kwa ajili ya mkate.