Guruneti Ambalo Halikuwepo

Mama alikuwa anauza ndagala, samaki wadogo wakavu, na mafuta ya mawese. Asubuhi alivuka mpaka wa Burundi kwenda Uvira, jioni akarudi, na mpaka ukifungwa ghafla alilala huko kwao, kwa dada yake. Tuliishi Musaga, mimi na yeye, katika chumba kimoja. Mwaka ule vurugu zilipoingia mitaani, majirani wakawa wanafunga milango jua likiwa bado juu, Mama akaona hawezi tena kuniacha peke yangu. Mtu wa kanisani kwetu akamwambia kuna kituo cha watoto Buterere, karibu na mashamba ya mpunga, chenye ukuta mrefu na mlinzi getini. Watoto wanakula, wanasoma. Mama akanipeleka. Nilikuwa darasa la tano.

Mkurugenzi wa kituo tulimwita Papa, kwa amri yake. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, anayejua jina la kila mtoto. Wageni walimpenda. Lakini nyuma ya jiko kulikuwa na depo ya kuwekea mchele na maharage, na mvua ikinyesha maji yaliingia humo mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mtoto aliyekosea alifungiwa ndani, asimame majini gizani. Kukosea kulikuwa rahisi: kukojoa kitandani, kuomba chakula cha ziada, kusema Kiswahili mezani wakati yeye anataka Kifaransa. Alipiga kwa waya wa umeme, kwenye mapaja, mahali panapofunikwa na nguo.

Kitanda cha pili kutoka changu alilala msichana wa Kamenge ambaye hakuwa na baba wala mama. Alinizidi umri kidogo. Alijua kuiga sauti za watu, na aliwaiga wageni wetu mmoja mmoja, na namna wanavyotupapasa vichwa, mpaka tunabana midomo kwenye mashuka ili kicheko kisitoke. Siku moja bibi mmoja mgeni alimuuliza kama tunashiba. Wote tulijua jibu linalotakiwa. Yeye akasema, "Apana, mama. Hatushibe."

Bibi yule alipoondoka, Papa alimwita yule msichana depo. Sisi tulikuwa uani tunafua. Mlango uliachwa wazi, naamini kwa makusudi, ili tuone. Alichukua mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Rafiki yangu alilia mara ya kwanza tu, halafu akanyamaza, na huo unyamavu ndio ulionitisha. Walimbeba kwenye gari la kituo, mguu wake wa kulia ukining'inia vibaya chini ya goti.

Kesho yake redio ya jikoni ikatangaza kwamba wavuruga usalama wamerusha guruneti katika kituo cha watoto Buterere na kumjeruhi msichana mmoja. Mpishi alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua maharage. Mlinzi alikuwa ameshachimba shimo karibu na ukuta na kulichomea matairi. Mchana wakaja wakubwa kutoka mjini, wakapiga picha shimo, wakatuuliza guruneti lilianguka wapi. Papa alisimama nyuma yao. Mtoto mdogo kuliko wote akanyoosha kidole, akapewa biskuti. Kila mtu wakati ule alitafuta mtu wa kumlaumu kwa vita, na kisa chetu kilimfaa kila mmoja wao.

Mama alisikia habari akiwa Uvira. Alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi, akanishika mikono, akaigeuza huku na huku.

"Guruneti ilikupata wapi?"

"Haikukuwa guruneti, mama. Ni Papa alimupiga na muchi."

"Uliona na macho yako?"

"Tuliona sisi wote."

Hakupiga kelele. Aliniambia nichukue nguo zangu, tukatoka getini, naye Papa akatuaga kwa adabu.

Mama alikwenda kwenye ofisi iliyotuma wale wakubwa. Nilikaa pembeni yake kwenye benchi. Shefu, mkuu wa ofisi ile, alimsikiliza vizuri, akamwagizia Fanta.

"Mama," alisema, "nchi iko na moto. We unataka kuongeza petroli?"

"Nataka mwenye alivunja mutoto mguu ajulikane, shefu."

"Anajulikana. Redio imesema."

Halafu akamuuliza, kwa upole uleule, kama karatasi zake za kuishi Burundi ziko sawa. Mama aliiacha Fanta mezani bila kuinywa. Kutoka pale tulikwenda hospitali, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimuulizia yule msichana, alipotolewa tulimchukua sisi. Chumba cha Musaga kikawa cha watu watatu. Mguu uliunga vibaya. Tangu siku hiyo ni dada yangu.

Sasa tumekuwa wanawake. Mimi nashona nguo Kamenge, yeye anasuka nywele, ana mtoto wa kike. Mwaka jana walitutafuta watu wa mpango wa kusaidia waathirika wa vurugu. Walikuwa na habari za guruneti. Dada angefanyiwa upasuaji, mguu unyooshwe, bila kulipa kitu. Alichotakiwa ni kusimama ukumbini mbele ya watu na kueleza kilichompata.

"Sema tu guruneti," nilimwambia. "Utembee vizuri. Papa mwenyewe alishastaafu, anafuga ng'ombe wake."

"We unaweza kusema?"

"Kama ni mguu wangu, ndiyo."

Alicheka. Mama, ambaye siku hizi haoni vizuri, alikuwa anatusikiliza kutoka kitandani. 

Ukumbini dada alishika maikrofoni na kusema kwa sauti yake mwenyewe, bila kumuiga mtu: "Mi sikupigwa na guruneti. Mkurugenzi wa kituo alinivunja mguu na muchi, ju nilisema tuko na njaa. Na wakubwa walikuja, wakaona, wakaandika ingine." Mwendesha mkutano akamshukuru haraka, akaita mwingine. Baadaye kijana mmoja wa ofisi akatueleza, huku akitazama viatu vyake, kwamba kisa hicho hakimo katika mpango huu.

Kwa hiyo hakuna upasuaji. Tulipokuwa tunatoka, mwanaume mmoja mwenye shati la fundi magari alitufuata mpaka barabarani. "Mi pia nilikuwa mule," alisema. "Nilikuwa mudogo. Walinipa biskuti."

Dada akamshika mkono. Tukatafuta mahali pa kukaa, tukaagiza chai na maandazi, na yule mwanaume akaanza kusimulia. Wiki iliyopita tulikwenda wote watatu kumwona wakili. Amesema itakuwa vigumu, na itachukua muda. Amesema tena turudi Jumatatu, tuje na Mama, maana ndiye aliyekwenda kwa shefu wakati ule.