Kumzika Yohana, Aliyeitwa Pia Yahya

Niliondoka Uvira kwa sababu kaka yangu alikuwa amefariki Bujumbura kwa malaria, na mama, ambaye miguu yake haikuweza tena safari, alitaka azikwe Kikristo. Alibatizwa Yohana. Alipomwoa Zaituni alisilimu, akawa Yahya, jina ambalo mama hakulitamka hata siku moja. Akanituma pamoja na pasta wetu.

Asubuhi, kwenye kizuizi cha Gatumba, mpakani, wanajeshi walitupekua mpaka ndani ya Biblia. Njia nzima pasta alilalamikia Waislamu. Kichwa kilianza kuniuma kabla hatujafika.

Katika mtaa wa Asiatique, ambako kaka alikuwa fundi wa pikipiki, tulikuta ameshaoshwa na kuvikwa sanda. Sheikh wake alitupokea kwa heshima, tukapewa chai. Kisha pasta akasema maiti ni ya kanisa. Sheikh akasema ni ya msikiti. Jua likapanda wakibishana, na barabara ya kusini, kwa sababu ya vita, ilikuwa ikifungwa mapema.

Mchana tulipakia mwili kwenye kamyoneti kwenda Ruziba, upande huo wa kusini, shambani kwa wakwe zake, bila kuafikiana lolote. Tulipolifikia kaburi, risasi zikalia upande wa milimani. Wote tukajitupa mtaroni. Pasta na sheikh walilala bega kwa bega, nyuso zao mavumbini, na nikawasikia wakimwomba Mungu rehema kwa maneno karibu yaleyale. Risasi ziliponyamaza wakajipangusa, wakauokota ubishi palepale walipouangusha.

Zaituni, aliyekuja nasi kwenye kamyoneti, akaenda kusimama kati yao.

"Mutu wangu iko mu jua," alisema. "Mumuzike kwanza. Kubishana, mutabishana kisha."

Pasta akaanza kumweleza kwamba mama mkwe wake ndiye aliyemtuma.

"Apana, pasta. Kamata sepetu, ao urudi Uvira."

Pasta akashika sepetu. Sheikh akaomba, pasta akaomba, tukafukia.

Kesho yake, njiani kurudi, niliwaza kwamba nimejifunza kitu. Kila dini huosha wafu wake, huwaombea rehema, hulisha waliofiwa. Na kila moja huamini kwamba Mungu ametega sikio upande wake tu.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba kaka amezikwa vizuri, ameombewa na pasta na sheikh pia.

Mama akaniuliza nani alitangulia kuomba.