Salamu za Keremkerem wa Baushar

Kila Ijumaa asubuhi, joto la Maskati lilipoanza kulegea, wanawake wanne watu wazima walisimama katikati ya mashamba ya Baushar na kuwauliza ndege habari za Unguja. Nilikuwapo. Ndege wenyewe walikuwa keremkerem, wale wenye koo la manjano na tumbo la samawati wanaodaka nyuki hewani. Walipita juu yetu kwa makundi, na sauti yao ilibubujika kama maji yanayomiminwa kutoka gudulia. Unguja tulizoea kuwaona mwaka hadi mwaka, basi kina mama wale walipowaona Omani waliamini bila shaka kwamba wanatoka kwetu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini, baada ya Mapinduzi kututawanya, nami nilikuwa na miaka tisa. Baba alikwenda Kuwait kutafuta kazi, akaniacha kwa dada yake, Shangazi Salma. Mama alibaki Unguja kumwuguza bibi. Aliniambia, "Tangulia, mwanangu, nakuja," na tangu hapo hatukupata neno lake. Watoto wa Baushar waliniita Zinjibariya, yaani Mzanzibari, na kukicheka Kiarabu changu. Mgeni ni kuku mweupe. Hata nikijibanza nyuma ya ukuta wa udongo nilionekana. Kwa kuwa sikuwa na wa kucheza naye, nilijifunza kutazama: maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia, yanaingia shamba lipi kwanza, punda wa nani anachechemea, ndege wanatokea wapi na wanapotelea wapi.

Ijumaa moja tulitoka mapema, umande ukiwa bado kwenye majani ya mifugo, harufu ya ndimu na samadi ikitusindikiza. Bi Zuwena, jirani yetu mnene mwenye mzaha, alitangulia, buibui kalikunja mkononi. Kundi la kwanza lilipotokea, alipaza sauti: "Enyi keremkerem, mmemwona mwanangu Sefu? Ameshaoa?"

"Nani amtake Sefu?" Shangazi akamtania. "Hebu waulizeni na habari za mama wa huyu mtoto. Yu njiani?"

Wote wakainua nyuso, kana kwamba jibu lingeshuka. Ndipo nikasema nililokuwa nimeliona siku zote zile: "Shangazi, ndege hawa wanatokea baharini, kaskazini, na wanapita milimani kwenda kusini. Hawatoki Unguja. Ndio kwanza wanakwenda."

Bi Zuwena aligeuka akatazama bahari, akatazama milima, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. "Lo! Misimu yote hii nnawauliza habari wasiokwenda bado!" Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na kicheko kikaisha. "Haya, waacheni wapite. Mwenda kwao si mtumwa. Tuwape salamu basi." Wakaanza mmoja mmoja, wakitaja majina ya watu na mitaa. Shangazi akanisukuma begani: "Nawe sema, mwanangu." Nikatikisa kichwa. Kwa muda wote walipokuwa wakiwauliza ndege, mama angeweza kuwa yu njiani. Nikimtumia salamu Unguja, nimekubali kwamba yuko huko.

Leo mashamba yale mengi yamekuwa majumba na barabara pana. Binti yangu huzungumza na shoga zake wa Unguja kwenye simu wakionana uso kwa uso, wakagombana kuhusu mishono ya madera. Hajui kimya kinavyokaa nyumbani mwaka baada ya mwaka. Mimi nilikwenda Unguja nikiwa mtu mzima, nikabisha hodi mtaani kwetu. Jirani wa mkono wa kulia alisema mama alimzika bibi, akafunga mizigo, akapanda meli kunifuata. Wa mkono wa kushoto aliapa kwamba hakupanda meli yoyote ya Maskati. Alisema mama alichukuliwa na jamaa zake kwenda Pemba. Kila mmoja aliniambia kwamba yeye ndiye aliyemsindikiza na kumpa mkono wa kwaheri.