Mabawa ya kuruta Kobelo bado yako kwangu

Wakuu, poleni na majukumu.

Nyumbani kwangu kuna kopo la majani ya chai, na ndani yake kuna mabawa ya parachuti. Ni ya kitambaa, yametariziwa kwa uzi wa njano. Ni beji ya mwanajeshi aliyewahi kuruka kutoka kwenye ndege.

Mimi sijawahi hata kupanda ndege.

Naandika kama ilivyokuwa, pamoja na pale ninapoonekana mbaya. Jina tu ndilo nimebadilisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Morogoro, enzi za ruksa. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nafanya kazi kilikuwa kimetupunguza. Upande wa Turiani wakawa wanatafuta walinzi wa kiwanda cha sukari, sharti uwe na cheti cha mgambo. Tukasikia kwamba kuruta atakayefanya vizuri kuliko wote atakuwa kiongozi wa walinzi, na atapewa nyumba.

Ile nyumba niliitaka, wakuu. Mke wangu alikuwa amerudi kwao Mgeta na watoto wawili, anangoja nipate pa kuwaweka.

Basi nikajitoa. Tulikuwa kuruta kama arobaini, kambi ikiwa chini ya milima, upande wa Bigwa. Mbio za alfajiri kupanda mlima kwenye ukungu, wa kwanza mimi. Kwata, mimi. Koplo aliyetufundisha akanipa cheo cha kuwapanga wenzangu mstari.

Wiki ya tatu akaja Kobelo.

Mtu wa Kisaki, miaka arobaini na kitu, mvi zimeanza masikioni. Zamani alikuwa mwanajeshi. Aliacha akarudi kulima, tembo wakamaliza mahindi yake misimu miwili, akaja mjini kutafuta kazi. Wakamwambia jeshi ni jeshi na mgambo ni mgambo, aanze moja kama sisi.

Sare zilikuwa hazijafika, kwa hiyo kila mtu alivaa shati lake la kaki. La Kobelo lilikuwa limepauka karibu kuwa jeupe, na juu ya mfuko wa kushoto palikuwa na mabawa.

Koplo alimzunguka mara mbili. Yeye mwenyewe kifuani hakuwa na kitu.

"We kuruta, hicho nini?"

"Mabawa, Afande."

"Kuruta ana mabawa? Kuruta ni kifaranga!"

Tukacheka.

"Kuruta ni mimi, Afande. Mabawa yalishamaliza mafunzo."

Tukacheka tena, na safari hii tulimcheka koplo. Akasema atawaandikia wakubwa barua kuuliza kama inaruhusiwa. Mpaka jibu lije, mabawa yakae.

Kuanzia hapo kambi nzima ikawa inamwita Mjomba. Uji anamiminiwa yeye kwanza. Mlimani mimi bado nilikuwa wa kwanza kufika juu, lakini nikigeuka nawaona wenzangu kule chini wamepunguza mwendo ili waende naye.

Nilifika mahali nikawa nahesabu koplo amemtazama kifuani mara ngapi kwa siku.

Wakati ule mitumba ilikuwa imejaa masokoni, mashati yanakuja na majina ya watu yameshonwa mfukoni. Nikawaambia wawili watatu, "Mnajua wapi alipolitoa lile shati? Mtumba ule, na mabawa yake humohumo."

Hata jua halijazama, maneno yalikuwa yamemfikia koplo.

Kesho yake akaonyesha kichanja cha tangi la maji, urefu wa watu wawili. "Kuruta ndege, panda. Ruka tukuone."

Kobelo alipanda polepole kama anayekwenda kukagua paa lake. Akabana miguu, akaruka. Alitua miguu yote pamoja, akabingiria ubavu, akasimama wima mbele ya koplo, mikono imenyooka. Vumbi lilikuwa bado hewani.

Watu walishangilia. Koplo naye akapiga makofi. "Haya, Mjomba, rudi mstarini."

Hata koplo!

Jumapili tulikwenda kufua mtoni. Kobelo alianika shati lake juu ya jiwe akaenda kuoga kule juu. Nilikuwa na wembe wa kunyolea. Nilikata nyuzi za mabawa moja moja, kwa uangalifu kama fundi, shati lisichanike. Mpaka leo sijui kwa nini nililionea huruma shati.

Aliporudi akalivaa, ndipo nikaona nilichofanya.

Shati lote lilikuwa limepauka isipokuwa pale. Pale jua halikuwahi kufika, na kaki ilikuwa nzito kama mpya. Mabawa yalikuwa yamebaki kifuani, yanaonekana kwa mbali kuliko mwanzo.

Alipitisha kidole pale mara moja, akafunga vifungo. Vijana walitaka mabegi yapekuliwe. Akasema, "Acheni. Kesho kuna mbio."

Siku ya kumaliza, ofisa alikuja na mtu wa kiwandani. Akapita mstarini, akasimama mbele ya Kobelo.

"Hapa palikuwa na mabawa?"

"Ndiyo, Afande."

"Yako wapi?"

"Kuna mtu ananitunzia, Afande."

Nilikuwa mtu wa pili kushoto kwake. Hakugeuza shingo.

Nyumba alipewa yeye. Mimi nikachukuliwa mlinzi wa kawaida, chini yake.

Mwezi wa pili kazini akaniita. "Nyumba ina vyumba vitatu na mimi niko peke yangu. Mlete shemeji na watoto."

Tulikaa kwake miaka mitatu. Kila siku mke wangu alimsifu mbele yangu, na kila siku kopo lilikuwa chini ya kitanda, vyumba viwili kutoka alipolala mwenyewe. Hakuniuliza kitu. Ningeweza kumrudishia asubuhi yoyote. Wivu ukichanganyika na aibu, wakuu, unakaa palepale.

Majuzi nilipanda treni kwenda Kisaki, kopo kwenye mkoba. Nilimkuta amekaa mlangoni, macho hayaoni vizuri tena.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Sauti ya Turiani hiyo."

Nikampa kilo mbili za sukari. Aliipapasa, akaiweka kando, kisha akanyoosha tena mkono, kiganja wazi.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, Mjomba."

Nilichojifunza ni kwamba ukimbandua mtu kitu alichokitolea jasho, alama unamwachia yeye, na mzigo unaubeba wewe.

Waliopita jeshini naomba mnisaidie, maana ile barua ya koplo haikujibiwa mpaka tunamaliza: mtu akirudi kuwa kuruta, anaruhusiwa kuvaa beji alizopata zamani? Na wengine mniambie, mngekuwa mimi mngeanzaje? Matusi pia nayapokea.

Nilipoaga, kiganja chake kilikuwa bado wazi. Kopo nimerudi nalo.