Theluthi Isiyoisha

Mwalimu Felisita Masalu alikuwa amefundisha Hisabati miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kama analipenda somo lenyewe. Angeulizwa, angesema hapana. Alipewa Hisabati kwa sababu shule yake ya kwanza, kule Meatu, haikuwa na mwingine wa kulifundisha, na mwalimu akishaandikwa kwenye ratiba si rahisi kufutwa. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba, akasoma kwa kukariri: ukigawanya sehemu kwa sehemu, ile ya pili unaipindua, halafu unazidisha. Kwa nini unaipindua? Mwalimu wake hakusema, naye hakuuliza. Alipokuja kuwa mwalimu akawafundisha watoto wa wenzake vilevile, darasa zima likiitikia kwa sauti moja: "Tunapindua! Tunazidisha!"

Sasa alikuwa katika shule moja nje kidogo ya Lagangabilili, pale barabara inapoacha ofisi mpya za serikali na kuingia mashambani. Darasa la Tano lilikuwa na wanafunzi tisini na wanne. Mwalimu Mkuu, Kasmiri, alitaka matokeo ya jaribio la sehemu na desimali kabla ya kikao cha kata, kwa hiyo Felisita akatunga maswali ishirini, akayaandika ubaoni Jumatano asubuhi, akawapa dakika themanini. Kila mtoto alipewa karatasi mbili.

Alhamisi mchana akakaa kwenye ofisi ya walimu kusahihisha. Swali la kwanza liliuliza ipi kubwa, 0.5 au 0.25. Alilitunga liwe rahisi, la kuwatia moyo. Alipofika karatasi ya thelathini akaanza kuweka alama pembeni kuhesabu waliokosa, na mwisho wa rundo wakawa sabini na mmoja. Watoto sabini na mmoja waliandika kwamba 0.25 ni kubwa kuliko 0.5. Swali la pili, karibu wote hao waliandika kwamba thumuni ni kubwa kuliko robo. Alikuwa ametumia wiki sita kufundisha mambo hayo. Walikuwa wameitikia kila siku, tena kwa nguvu.

Katikati ya rundo hilo ndipo alipoikuta karatasi ya Nyanjige.

Nyanjige alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mkimya, aliyehamia mwaka huo kutoka Bukundi ambako baba yake anachunga. Aliishi na bibi yake jirani na shule. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani tu; nyumbani ni Kisukuma, na akiulizwa jambo ghafla alitazama chini kwanza, kama anayelitafsiri moyoni kabla ya kujibu. Swali la kwanza alipata. La pili alipata. La tatu lilisema: badili theluthi kuwa desimali. Alikuwa ameandika sifuri, nukta, kisha tatu. Na tatu. Na tatu. Tatu zilijaza mstari, zikashuka mstari wa pili, zikamaliza ukurasa, zikageuka upande wa nyuma, zikahamia karatasi ya pili, zikafika chini kabisa ya ukurasa wa nne. Maswali kumi na saba yaliyobaki hakuyagusa.

Felisita alichoka. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika mbili kati ya ishirini, na chini yake, kwa herufi kubwa: UZEMBE.

Ijumaa hakurudisha karatasi. Wale sabini na mmoja walikuwa wamemkosesha raha, akamwendea Mwalimu Mkuu akamwambia anataka kuwahoji watoto mmoja mmoja, kwa mdomo.

"Tisini na wanne?" Kasmiri aliuliza. "Utamaliza lini, Mwalimu?"

"Sijui, Mkuu. Nataka kusikia wanachofikiri. Karatasi haisemi."

Akatoa meza nje, kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi, akachukua karatasi nyeupe za kukunja, akaanza kuita majina. Wa kwanza alikuwa Danford, mtoto mwenye maneno mengi.

"Umeandika hii ndiyo kubwa. Kwa nini?"

"Si ishirini na tano, mwalimu? Ishirini na tano si imeipita tano?"

"Isome namba yenyewe."

"Sifuri nukta ishirini na tano," Danford alisoma, kwa uhakika kabisa.

Felisita akaitazama ile 0.25. Yeye ndiye aliyewafundisha kuisoma hivyo. Nukta ishirini na tano: mtoto akisikia ishirini na tano, afikiri nini kingine? Akakunja karatasi mara moja, akampa nusu. Akakunja nyingine mara mbili, akampa robo. Akamwambia ya kwanza ndiyo nukta tano na ya pili ndiyo nukta mbili tano. Danford alizishika zote mbili, moja kila mkono, akaziangalia huku na huku, mdomo wazi.

"Kumbe ni vitu!" alisema. "Mimi nilijua ni maandishi tu."

Siku ile Felisita aliwahoji kumi na wanane, na kila mmoja alimfundisha jambo. Wapo waliokosea kwa njia ambazo hakuwahi kuziwaza, wakiwa na sababu zao, tena sababu nzuri. Na wapo waliopata bila kujua wamepataje. Ilikuwa imebaki nusu saa hivi kabla ya kengele ya kurudi nyumbani alipomwita Nyanjige, akaweka mbele yake zile kurasa nne. Neno jekundu lilionekana waziwazi. Msichana aliliona, akainamisha kichwa.

"Hebu niambie," Felisita alisema, "kwa nini hukuacha?"

Nyanjige aligusa namba ya mwisho chini ya ukurasa wa nne.

"Nilitaka kuona kama itachoka."

"Nini?"

"Hii tatu."

Felisita alitaka kucheka, ila uso wa mtoto haukuwa na mzaha. "Endelea."

"Nilichukua moja, haigawanyiki kwa tatu. Nikaweka sifuri, ikawa kumi. Kumi ina tatu mara tatu, tisa. Inabaki moja." Aliweka kidole kwenye mahali penyewe. "Nikaweka sifuri tena, kumi tena. Inabaki moja tena. Ile moja ndiyo niliyoanza nayo, mwalimu. Imerudi kama ilivyotoka. Sasa itafanya nini? Itafanya yale yale. Nikajua haitaisha, hata nikizeeka."

"Ulijua hivyo ukiwa wapi?"

Kidole kilisogea. "Mstari wa pili."

"Mstari wa pili! Na mbona umeandika mpaka ukurasa wa nne?"

Nyanjige alitazama chini. "Nilikuwa sijawahi kuona kitu kisichoisha."

Felisita aliitazama ile karatasi upya. Alikumbuka sasa kwamba swali alilitunga haraka, akasahau kuandika kwamba jibu liishie nafasi mbili za desimali. Watoto wengine waliandika 0.33 kwa mazoea wakapita. Huyu alifanya alichoambiwa. Alikuwa ameitazama theluthi kama mtu anayetazama chini kisimani, na alipoona haina mwisho hakukimbia.

"Mwalimu," Nyanjige alisema, akimshangaza, maana hakuwa mtoto wa kuanza maneno. "Theluthi tatu si ni kitu kizima?"

"Ni kizima."

"Sasa nikizijumlisha hizi zangu tatu, inakuwa nukta tisa, tisa, tisa, tisa. Tisa tu. Haifiki moja." Alimkazia macho. "Ile kidogo iliyopungua imekwenda wapi?"

Kengele ililia. Watoto wakamiminika nje. Felisita alianza kukusanya zile kurasa nne. Miaka kumi na tisa. Alizoea kuulizwa ruhusa ya kwenda chooni.

"Sijui," alisema. Lilimtoka kwa shida. "Nenda nyumbani. Nitaitafuta."

Jumamosi asubuhi alipanda bodaboda mpaka Bariadi, mtaa wa Somanda, kwa Januarius, aliyesoma naye chuo cha ualimu kabla Januarius hajajiendeleza akawa mwalimu wa Hisabati wa sekondari. Mke wake alikuwa kazini hospitalini, Januarius mwenyewe alikuwa uani anafua sare za watoto.

"Mwangaluka, dada! Kuna msiba?"

"Mwangaluka. Hakuna msiba. Kuna theluthi."

Alimweleza yote bila kukaa. Januarius aliacha kufua, akakausha mikono kwenye suruali, na Felisita akaona uso wake unabadilika.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Hili nimelisikia mara ya kwanza nikiwa chuo kikuu," Januarius alisema polepole. "Tena niliambiwa. Yeye ameliona mwenyewe." Akachukua kijiti, akachora mstari kwenye udongo. "Hapa moja. Hapa hiyo nukta tisa tisa isiyoisha. Kama ni namba mbili tofauti, lazima kuwe na nafasi kati yao, hata iwe ndogo namna gani. Niambie namba inayokaa hapo katikati."

Felisita alifikiri. Alijaribu kuweka tisa nyingine mwishoni, akakumbuka hakuna mwisho. Akajaribu kuongeza kipande kidogo cha sifuri nyingi na moja huko mbele. Lakini hiyo moja ingekaa wapi, ikiwa tisa hazikomi? Kila alipoweka kitu, tisa zilikwishapita.

"Haipo," alisema.

"Haipo. Kama hakuna nafasi, hakuna namba mbili. Ni moja ileile, imeandikwa kwa namna mbili. Hakuna kilichopungua. Ukikatisha tisa popote, hapo ndipo kinapungua. Usipokatisha, imetimia."

Felisita alikaa kwenye kigoda. Pikipiki zilipita barabarani, jirani alikuwa anawaita kuku wake. Alitazama ule mstari uliochorwa kwa kijiti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona kwamba namba alizokuwa akizibeba kwenye mkoba miaka yote hiyo zilikuwa na kina ambacho hakukidhania. Macho yalimjaa machozi, akaona aibu, lakini Januarius alikuwa amegeukia beseni lake.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa zima akiwa na karatasi ya Nyanjige. Aliwaonyesha lile neno jekundu, akalikata kwa mstari mmoja.

"Hili niliandika mimi," aliwaambia, "na nilikosea. Swali langu lilikuwa na kasoro, na mwenzenu alilifikiri kuliko mimi niliyelitunga. Nyanjige, nisamehe."

Bati lilisikika likitanuka kwa jua. Hawakuwa wamewahi kusikia mwalimu akiomba msamaha. Nyanjige alisimama, hajui afanye nini na mikono yake, akasema kwa sauti ndogo, "Wabeja, mwalimu," halafu akakumbuka yuko darasani, akarudia: "Asante."

Felisita akachora mstari ubaoni kama alivyochorewa, akawaambia watafute namba ya katikati. Walipendekeza nyingi. Zote zilishindwa. Mwishowe Nyanjige akasema, kama anayejisemea, "Kwa hiyo haikwenda popote."

"Haikwenda popote."

Nyanjige aliketi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Jaribio la pili lilifanyika baada ya wiki tatu, nusu kwa maandishi na nusu kwa mdomo. Nyanjige alipata kumi na tatu kati ya ishirini. Maswali yenye maneno marefu ya Kiswahili bado yalimsumbua. Waliosema 0.25 ni kubwa kuliko 0.5 walibaki tisa, na hao Felisita alikuwa anawajua kwa majina na kwa sababu zao. Mwalimu Mkuu aliyatazama matokeo, akauliza tu kama ile meza ya nje irudishwe ndani. Felisita akamwomba ibaki.

Siku moja ya mwezi wa nane, kipindi cha mwisho, aliandika ubaoni moja gawanya kwa saba. Alikuwa ameamua kutoipiga hesabu hiyo nyumbani, ili aione pamoja nao. Watoto walisema, yeye akaandika. Moja, baki tatu. Nne, baki mbili. Mbili, baki sita. Nane, baki nne. Tano, baki tano. Saba, baki moja.

"Imerudi!" Danford alipiga kelele, akisimama juu ya dawati. "Ile moja imerudi!"

Wakaendelea, na kweli: moja, nne, mbili, nane, tano, saba, kwa mpangilio uleule, kisha tena. Ubao ulijaa. Watoto wa nyuma walisogea mbele, wengine wakapiga magoti sakafuni.

"Ilijuaje kurudi?" mmoja alinong'ona.

Shifa, binti wa mwenye duka wa pale senta, aliinua mkono. Alikuwa mmoja wa wale sabini na mmoja. "Mwalimu, ukigawanya kwa saba, baki haliwezi kufika saba. Ni moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, basi. Zote tumeshazitumia. Sasa ingekwenda wapi? Ilikuwa lazima irudi."

Felisita aliweka chaki chini. Hilo hakuwa amelifikiria. Akaenda nyuma ya darasa, akakaa kwenye dawati tupu kati ya watoto, magoti yakigusa mbao za dawati, akatazama mbele pamoja nao. Kengele ililia na hakuna aliyechukua begi lake. Nyanjige alikuwa ameshaokota ile chaki, akafuta kona ya ubao kwa kiganja, na kuandika: moja gawanya kwa kumi na tatu.