Kimya Changu Mbele ya Mikungu ya Mshare

Gharama yote ya ugonjwa wangu ni hii: ng'ombe mmoja wa maziwa, meza yangu ya sokoni, na pumzi ambayo sijui nusu yake ilibaki wapi. Nimehesabu mara mbili. Zamani nilirudia hesabu kwa sababu sikumwamini mtu. Siku hizi ni kwa sababu ile ya kwanza inaniponyoka kabla sijaimaliza.

Nililazwa kwa Uviko, nikawekewa oksijeni, nikaruhusiwa kurudi nyumbani Rau. Majirani wakaja kunipa pole, wakala kuku wangu, wakaondoka wakisema nimepona. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kupona na bado akaumwa. Miezi ikapita, ngazi tatu za mlangoni zikawa mlima. Daktari akasema mapafu yanarudi polepole, nipumzike kabla sijachoka. Nikamuuliza kama hana punguzo la muda. Hakucheka.

Biashara yangu ni ndizi. Napanda Marangu kununua mshare, nauza mjini kwa wapika mtori, ile supu yetu ya ndizi, na mtaji wangu mkubwa ni mdomo.

Siku niliyopanda tena, ukungu ulikuwa umeshuka hadi ndani ya migomba. Maji ya mfereji yalisikika bila kuonekana. Nilitembea kama niliyemo ndani ya usingizi wa mtu mwingine, mpaka nikamkuta bibi anayeniuzia miaka yote, amekaa kando ya mikungu yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ulitutupa."

"Nilikuwa hospitali."

"Nilisikia. Umepungua kweli. Bei haijapungua."

Akaitaja. Nikafungua mdomo nimjibu kama kawaida yetu, kwamba kwa bei hiyo aniongezee na mbuzi. Pumzi ikaishia kooni. Nikashika mgomba, nikautazama ukungu ukipita kati ya majani, mweupe, taratibu, hata nikasahau nimefuata nini pale.

Bibi akasubiri, kisha akapunguza. Mimi natafuta hewa. Akapunguza tena.

"Wewe mama, huko hospitali walikufundisha nini? Hata hunitukani?"

Nikatikisa kichwa, kumaanisha ngoja kidogo. Akaelewa nimekataa. Akashuka hadi bei ambayo maneno yangu yote ya miaka yote hayakuwahi kuifikia. Nikalipa, nikaondoka nikielea, na mpaka nafika Himo nilikuwa bado najipongeza.

Wiki iliyofuata alinipokea amesimama, jani la isale mikononi.

"Kama nilikuudhi, mwanangu, yaishe. Sijalala vizuri. Mtu anayenyamaza hivyo ana kitu moyoni."

Huku kwetu isale haikataliwi. Hata aliyekuhamishia mpaka wa shamba, akikuletea jani hilo unasamehe. Lakini bibi wa watu hakuwa na kosa. Nikilipokea, nimekubali kwamba alinikosea; nikilikataa, nimemtukana. Nikataka kumweleza habari za mapafu. Pumzi ikakata. Akaona kimya kingine, macho yakamlowa, akaongeza mkungu mmoja wa bure.

Nililipokea.

Sasa mchana ninapolala, kama nilivyoagizwa, naota niko kwenye migomba ile, bibi ananiongezea mkungu mmoja baada ya mwingine, nami siwezi kusema inatosha. Naamka nimelowa jasho. Nikimwambia ukweli, mlima mzima utajua kwamba nimekwisha, na hakuna atakayemwekea ndizi mnunuzi ambaye huenda asifike. Nisipomwambia, bibi mtu mzima anakosa usingizi kwa ajili ya mapafu yangu, na ndiye pekee aliyeendelea kuniwekea mikungu wakati wote niliokuwa kitandani.

Jumanne napanda tena. Nyinyi mliotoka wodini kama mimi, mkaambiwa mmepona, nishaurini: mliwaelezaje watu wenu? Nipeni maneno machache tu, yanayoweza kusemwa yote kabla pumzi haijakata.